Gari inavuja oili: ubadili gasketi, upake silikoni, utie dawa au uipeleke gereji?

Kila gari inapoacha doa jeusi kwenye sakafu, ushauri unaotolewa ni wa aina nne: badili gasketi (kizibo cha mpira au karatasi kinachokaa baina ya vyuma viwili), paka silikoni, tia dawa ya chupa ndani ya oili, au hamia oili nzito. Wengi huzipima kwa bei, kisha huchagua iliyo rahisi. Tatizo ni kwamba njia hizi hazitibu maradhi mamoja. Silikoni iliyo sahihi kwenye sampu, yaani bakuli la oili chini ya injini, ni uharibifu kwenye kava ya juu, na dawa inayoweza kulainisha sili ya krenki (mpira unaozuia oili kwenye mhimili mkuu wa injini) haifanyi lolote kwa washa ya shaba iliyopondeka. Ulinganisho huu kwa hiyo unafuata mahali panapovuja, na mfano unaorudiwa ni Toyota ndogo zilizojaa Unguja na Pemba, hasa zenye injini ya 1NZ-FE kama IST ya 1.5 na Probox.

Kabla ya kununua chochote

Hakikisha ni oili ya injini. Maji safi chini ya upande wa abiria ni ya AC, hayana neno. Mafuta mekundu au ya rangi ya waridi huenda yakawa ya giaboksi ya otomatiki au ya usukani, na baadhi ya maji ya rejeta nayo ni mekundu, ila hayo hayatelezi vidoleni kama mafuta. Oili ya injini ni ya kahawia au nyeusi, na inanuka moshi.

Halafu tafuta chanzo. Oili hushuka kwa uzito wake na upepo wa barabarani huisukuma nyuma, kwa hiyo tone linaloning'inia kwenye sampu mara nyingi limetoka juu kabisa. Osha injini ikiwa ya vuguvugu kwa dawa ya kuondoa grisi, koili na alteneta zikiwa zimefunikwa kwa mifuko ya nailoni. Iache ikauke, kisha pulizia poda ya mtoto sehemu unazozishuku. Endesha kilomita kumi au kumi na tano, uzime, ufungue boneti na taa mkononi. Poda iliyolowa sehemu ya juu kuliko zote ndipo penye kosa. Usiku tandika boksi chini ya injini na uchore alama ya matairi ya mbele, ili asubuhi ujue tone limeangukia chini ya kitu gani.

Pima pia ukubwa wa uvujaji. Ukihesabu matone 20 kwa mililita moja, tone moja kila dakika ni mililita 72 kwa siku, yaani nusu lita kwa wiki. 1NZ-FE hubeba lita 3.7 tu ukibadili na filta, kwa hiyo hesabu hiyo si ya kuichezea. Doa la ukubwa wa shilingi kila asubuhi linaweza kusubiri kipuri kifike na meli. Dimbwi haliwezi.

Jambo la mwisho kabla ya spana: ichunguze valvu ya PCV, kile kidude kilichofungwa kwenye kava ya juu chenye mpira unaokwenda upande wa kuingizia hewa. Kazi yake ni kutoa mvuke na presha ndani ya injini. Ikiziba kwa lami ya oili, presha hutafuta njia yake yenyewe kupitia gasketi na sili. Itoe na uitikise: nzima hulia kachakacha. Pulizia kwa mdomo kupitia kipande safi cha mpira. Upande wa injini hewa ipite, upande wa pili ipite kidogo sana. Ukibadili gasketi na kuiacha PCV iliyoziba, baada ya miezi utarudi palepale na utailaumu gasketi.

Kava ya juu: gasketi mpya au silikoni?

Hapa ndipo penye uvujaji mwingi wa gari hizi, na hapa ndipo mwenye gari anaweza kufanya kazi mwenyewe bila kuingia uvunguni. Kava hii, wengine huiita tapeti kava, hukaa juu ya kichwa cha silinda ikiwa na gasketi ya mpira ndani ya mfereji. Joto la miaka huufanya mpira uwe mgumu kama plastiki, ukiupinda unakatika. Hapo haubani tena hata ukikaza vipi. Kwenye 1NZ-FE manifoldi ya ekzosi, chuma cha kutolea moshi, iko nyuma, upande wa kabini. Oili ikishuka upande huo huangukia chuma cha moto, na utaisikia harufu ya kuungua ukisimama kwenye foleni ya Darajani kabla hujaona tone lolote chini. Ikivuja kwa ndani huingia kwenye visima vya plagi, na gari huanza kukosa silinda, yaani silinda moja haichomi vizuri.

Gasketi mpya ya mpira huchukua nafasi ya kitu kilichokufa. Silikoni tupu, iliyopakwa juu ya gasketi kongwe au kuzunguka ukingo kwa nje, inafunika kosa tu. Haishiki kwenye chuma chenye oili, na chuma cha hapo kina oili siku zote. Ikipakwa kwa wingi, nusu yake huminywa kuingia ndani, hukauka ikawa vijinyuzi, huanguka, na mwisho wa safari yake ni chujio la pampu ya oili. Uvujaji wa matone umegeuka injini inayokosa oili. Isitoshe, atakayefungua baada yako atakwangua nusu siku.

Silikoni ina nafasi yake halali kwenye kava hii: tone dogo kwenye viungo viwili ambapo kava ya cheni ya taimingi inakutana na kichwa cha silinda. Hapo pana mwanya mdogo ambao mpira peke yake hauujazi. Injini za zamani zenye vizibo vya mpira vya umbo la nusu mwezi zinataka tone kama hilo kwenye pembe za vizibo. Zaidi ya hapo mfereji uwe mkavu na gasketi iwekwe bila kupakwa kitu.

Kwa ufupi, kwa kava ya juu:

| | Gasketi mpya | Silikoni tupu | Dawa ya chupa |
|---|---|---|---|
| Gharama ya kitu chenyewe | Ya kati, kwa kawaida chini ya galoni ya oili | Ndogo | Ndogo hadi ya kati |
| Kazi | Saa 2 hadi 3 kwa asiyezoea | Saa 1, kukwangua baadaye hakuhesabiwi | Dakika 5 |
| Gari kulala | Saa 2 kwa uchache, kwa ajili ya yale matone mawili | Saa 24 | Hailali |
| Kudumu | Miaka | Wiki hadi miezi | Mara nyingi haisaidii mpira uliokwisha katika |
| Hatari | Kukaza kupita kiasi | Kuziba chujio | Kupoteza muda |

Ukinunua, usiseme "nipatie gasketi ya IST" au "ya Noah" ukaishia hapo. IST ya chesesi NCP60 ina injini ya 2NZ, ya NCP61 ina 1NZ. Noah ni hadithi ndefu zaidi: SR40 huja na 3S, AZR60 na 1AZ, ZRR70 na 3ZR, na gasketi zake hazikubaliani. Piga picha kibati cha chesesi kilicho chini ya boneti na uende na picha hiyo dukani. Agiza pamoja sili za visima vya plagi iwapo kwenye injini yako zinauzwa peke yake. Kwa aliyeko Wete au Mkoani hili lina uzito zaidi, maana kipuri kisichopatikana dukani kitasubiri chombo kutoka Unguja au Dar es Salaam. Usifungue kava mpaka gasketi iko mkononi na umeilinganisha na umbo la kava.

Tahadhari moja kwa wenye Noah ya AZR60. Injini yake ya D-4 hurusha petroli moja kwa moja ndani ya silinda, na ina pampu ya petroli ya presha kubwa kule juu. Hiyo si kazi ya uani. Mpe fundi.

Kwa nyinginezo, kazi yenyewe inakwenda hivi. Injini iwe baridi, betri imeondolewa waya wa hasi. Ondoa kifuniko cha plastiki na mipira ya hewa iliyo njiani. Soketi za koili huwa zimekaushwa na joto, kwa hiyo bonyeza kilimi hadi mwisho ndipo uvute, usitie bisibisi. Koili hufungwa kwa bolti moja moja ya namba 10. Zipange kwa mpangilio wake. Kama visima vya plagi vina oili, inyonye kwa tambara lililoviringishwa kwenye kijiti kabla ya kugusa plagi, la sivyo itamiminika ndani ya silinda. Chomoa mpira wa PCV na ule mwengine wa kupumulia, kisha legeza bolti na nati za kava, zote namba 10, kidogo kidogo kuanzia za nje kuja katikati.

Kava ikigoma, gonga pembeni kwa mpini wa nyundo. Usiichokonoe kwa bisibisi. Uso wa alumini ukipata mkwaruzo mmoja, umejitengenezea mwanya mpya. Ikishatoka, funika kichwa cha silinda kwa tambara safi lisilotoa nyuzi. Upepo wa kusi au kaskazi ukivuma, mchanga unaruka na kamshafti, mihimili inayofungua valvu, ziko wazi. Fanya kazi hii penye ukuta, usifanye ufukweni.

Kwangua silikoni ya zamani kwa kadi ya plastiki. Safisha mfereji na uso wa chuma kwa dawa ya kusafishia breki mpaka tambara litoke safi. Petroli nayo husafisha, lakini mvuke wake na sigara ya jirani havipatani. Ingiza gasketi kwenye mfereji kuanzia pembe, hakikisha haikupinda, weka yale matone mawili ya silikoni, na ushushe kava wima ndani ya dakika tatu kabla silikoni haijafanya ngozi.

Kukaza ndiko kunakoharibu kazi za wengi. Kipimo cha bolti za kava ya 1NZ-FE ni 10 Nm (Nm ni kipimo cha nguvu ya kukaza), na hicho ni kidogo kuliko mkono unavyodhani: ni sawa na ndoo yenye lita 5 za maji ikining'inia sentimita 20 kutoka kwenye bolti. Huna spana ya toki, ile inayopima nguvu ya kukaza, shika racheti karibu na kichwa chake, kaza kwa vidole, anza katikati ukitoka nje, zunguka mara mbili. Mpira wenyewe ndio unaobana. Kuukandamiza zaidi kunaukata au kunapinda kava, na bolti nyembamba iliyokwisha liwa na chumvi ya pwani hukatikia ndani.

Washa baada ya saa mbili, iache iungurume bila kuiendesha kwa dakika kumi, tazama kwa taa. Moshi mdogo nyuma ni oili iliyobaki kwenye manifoldi inaungua, utaisha. Kagua tena baada ya kilomita mia. Ikiwa pamelowa kidogo, usikaze. Fungua utazame, kwani karibu kila mara mpira umetoka kwenye mfereji.

Sampu: hapa silikoni inashinda

Sampu ya chini ya 1NZ-FE haina gasketi ya mpira kiwandani. Hufungwa kwa silikoni peke yake, kwa hiyo hapa ubishi unageuka. Karatasi ya gasketi inayokatwa kwa kugongwagongwa na nyundo kwenye ukingo wa chuma ni ufundi wa haki kwa injini zilizoundiwa gasketi ya karatasi. Kwa sampu hii karatasi inaongeza unene usiohitajika na hunywa oili.

Silikoni yenyewe si yoyote. Inayonuka siki, ya kuzibia vioo na mabomba, huchangia kutu na haihimili oili ya moto. Tafuta ya injini iliyoandikwa kuwa inastahimili oili, ya kijivu au nyeusi, na utazame tarehe ya mwisho. Tyubu iliyokaa juani dirishani huwa imeshaanza kuganda mdomoni.

Mwaga oili, fungua bolti zote, katiza silikoni ya zamani kwa kisu chembamba ukikigonga taratibu pembeni. Laza sampu juu ya ubao. Matundu ya bolti yaliyovimba kwa kukazwa na wenye nguvu yasawazishe kwa nyundo, kwa sababu ukingo wenye mabonde utavuja hata kwa tyubu tatu. Nyuso zote mbili ziwe kavu kabisa. Hapa ndipo wengi huchoka, maana oili huendelea kudondoka kutoka juu; iache injini ichuruzike usiku kucha. Paka mstari mmoja usiokatika wa milimita 4 hivi, ukipita upande wa ndani wa matundu, funga ndani ya dakika tatu kwa mzunguko wa msalaba, takriban 9 Nm. Kiwango cha chini ni saa mbili kabla ya kutia oili, lakini siku nzima ni bora. Ukimaliza kabla ya Magharibi, gari iwashwe Magharibi ya kesho yake.

Kama chanzo ni tundu la kutu au pigo la jiwe, linganisha upya. Gari inayolala karibu na bahari na kupita barabara za mawe za shamba huliwa sampu kutoka nje. Gundi ya chuma ya sehemu mbili hushika kijitundu kama chuma kimepigwa msasa hadi kung'aa na oili imemwagwa yote. Inakufikisha mjini, na hata miezi kadhaa. Lakini sampu iliyobonyea kuelekea juu isibandikwe gundi wala isipakwe kitu; ibadilishwe. Chujio la pampu liko karibu na sakafu ya sampu, na bonde la kwenda juu linaweza kulibana hadi lisivute oili ya kutosha.

Nati ya kumwagia, filta na swichi

Hizi ndizo nafuu kuliko zote, na ni aibu kutia dawa ya chupa kwa kosa la washa. Nati ya kumwagia oili, iliyo chini ya sampu, kwa Toyota nyingi ndogo ni ya spana 14, na washa yake hubadilishwa kila unapomwaga. Kipimo ni karibu 37 Nm, yaani mvuto wa kilo 19 kwenye mpini wa sentimita 20. Ikivuja, badili washa. Ukiikaza zaidi utakula uzi. Tepu nyeupe ya mabomba hukatika vipande na kuingia ndani. Uzi ukishaliwa, nati ya saizi kubwa inayojichimbia njia huokoa kwa muda, ila chembe za chuma huingia kwenye oili. Sampu mpya au kuchomelewa nati mpya ni kazi safi zaidi.

Filta ikivuja mara tu baada ya sevisi, karibu kila mara mpira wa filta ya zamani umebaki umeganda kwenye injini na mpya umekaa juu yake. Toa, paka oili mpira mpya, funga kwa mkono, na baada ya kugusa ongeza robo tatu ya mzunguko. Swichi ya presha ya oili ikichuruzika kupitia kwenye waya wake haina matengenezo. Inabadilishwa kwa soketi ndefu, mara nyingi ya 24.

Dawa ya chupa dhidi ya oili nzito

Dawa hizi huwa na kemikali zinazovimbisha na kulainisha mpira uliokauka. Kwa hiyo zina faida pale pale tu ambapo mpira upo, ni mgumu, lakini haujachanika, na kuubadili ni ghali kuliko hali ya gari. Sili ya nyuma ya krenki ndiyo mfano wenyewe, kwani kuifikia ni kushusha giaboksi. Tia kiasi cha lebo, usizidishe. Ipe kilomita mia kadhaa kabla ya kuihukumu. Haitazuia gasketi iliyokatika, silikoni ya sampu wala washa.

Oili nzito, kutoka 5W-30 kwenda 20W-50 (namba zinazoonesha uzito wa oili), hupunguza matone kwa kuwa nzito tu. Sili inabaki kama ilivyo. Kwetu hakuna asubuhi ya baridi kali, na ndiyo maana ushauri huu umeenea. Lakini VVT-i, mtambo unaobadili wakati wa kufunguka valvu, na kikaza cheni hutegemea oili kupita haraka kwenye vijia vyembamba, na kwa 1NZ-FE kuruka hadi 20W-50 ni kuhamisha tatizo kutoka sakafuni kwenda ndani ya injini. Kama ni lazima kuongeza uzito, 10W-40 ni hatua ya wastani. Kati ya hizi mbili, kwa sili ngumu dawa ina mantiki zaidi. Kwa kosa jingine lolote, hakuna kati yake.

Nyumbani au gereji?

Kava ya juu, PCV, filta, swichi na washa ni za nyumbani. Sampu ni ya nyumbani kwa masharti: stendi mbili za chuma, hendibreki, mawe nyuma ya matairi. Jeki juu ya mchanga huzama, kwa hiyo tandika ubao mpana chini yake. Matofali ya zege yenye matundu hupasuka bila kuonya, na jiwe la matumbawe nalo humeguka; hakuna oili inayostahili mtu alale chini ya hayo. Huna stendi, mpe fundi sampu na ubaki na kava.

Sili za krenki, mbele na nyuma, pamoja na kava ya cheni, ni za gereji. Unapopatana na fundi, nunua kipuri mwenyewe au uombe uoneshwe pakiti. Taja kwamba hutaki silikoni kwenye kava ya juu zaidi ya viungo viwili, na kama giaboksi inashushwa kwa sili ya nyuma, kagua klachi siku hiyohiyo kwa gari ya manyuo, maana gharama ya kuishusha umeshailipa.

Oili chafu iingie kwenye galoni ya zamani na ipelekwe gereji wanakoikusanya. Ardhi ya mawe ya matumbawe ina vinyweleo na mianya, na kilichomwagwa uani hushuka kuelekea maji yaleyale ya kisima.

Ukiwa unasubiri kipuri, pima kijiti kila asubuhi kabla ya kuwasha, gari ikiwa tambarare, na uongeze oili kabla haijashuka alama ya chini. Taa nyekundu ya oili ikiwaka ukiwa njiani, zima hapo hapo, hata kama nyumbani pamebaki mita mia mbili.